Moyo ukichafuka, punguza rangi

Wengi wanaotaka kutoa machungu yao kwa brashi huanza kwa kufungua makopo yote. Mwisho wanapata tope, na hasira yenyewe haionekani popote. Jaribu rangi mbili tu.

Lee Krasner, mchoraji wa Marekani, alifiwa na mama yake mwaka 1959, miaka mitatu baada ya mumewe, mchoraji maarufu Jackson Pollock, kufa kwa ajali ya gari. Usingizi ukampotea, akawa anachora usiku. Hakupenda kushughulika na rangi kwenye mwanga wa taa, basi akabaki na kahawia na nyeupe. Picha zile ni kubwa, zimejaa michirizi na mapigo ya brashi, na mimi naziona zina nguvu kuliko nyingi za mumewe (mtanisamehe).

Huhitaji vifaa vya bei. Chukua kipande cha marikani, kipake rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani, mara mbili ili kisinywe rangi. Kikikauka, kigongomee ukutani au kitandaze sakafuni. Tumia brashi pana ya mafundi rangi, na mkono uende kutoka begani. Ukichora kwa kiganja tu, utarudia mwandiko wako wa kila siku. Usichore uso unaolia. Piga mstari mmoja wa haraka, kisha ujibu mstari huo. Panapokuudhi usipafute: pitisha nyeupe juu yake pakiwa bado pabichi, kahawia ya chini iendelee kuchungulia.