Namna ya kuandika makala ya tiba katika Wikipedia ya Kiswahili: mfano wa matende na mabusha

Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi, maafisa wa kliniki, wafamasia na wataalamu wa maabara wanaotaka kuchangia makala za tiba katika Wikipedia ya Kiswahili. Mimi ni afisa wa kliniki katika kisiwa cha Lamu (mtaani sote twaitwa daktari, nami nimechoka kukanusha), na nitaufuata ugonjwa mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni matende na mabusha. Nimeuchagua kwa sababu tunaujua huku pwani, una majina yanayogongana, na mwenye kuupata huona haya, hivyo huiuliza simu yake siku nyingi kabla hajabisha mlango wa kliniki.

Hatua ya kwanza: fungua akaunti

Jina la akaunti laweza kuwa lako halisi au la kubuni, ila lisiwe jina la kituo unachofanyia kazi, kwa kuwa akaunti ni ya mtu mmoja na haisemi kwa niaba ya taasisi. Kwa sababu hiyo hiyo usiandike makala kuhusu kituo chako, wala kuhusu duka la dawa la shemeji yako. Katika ukurasa wako wa mtumiaji taja kazi yako kwa sentensi moja, lakini usitarajie cheo kikubebe: huko daktari bingwa na mwanafunzi wa sekondari hupimwa kwa tanbihi walizoweka.

Hatua ya pili: tafuta kilichopo

Tafuta kwa kila jina unalolijua, kwa umoja na kwa wingi, kabla ya kuanzisha ukurasa mpya. Makala nyingi za tiba ni fupi mno, zile ambazo wahariri huziita mbegu, na ni heri kuikuza mbegu iliyopo kuliko kupanda nyingine kando yake. Pitia pia ukurasa wa majadiliano na historia ya makala, upate kujua ni jambo gani lilikwisha kubishaniwa.

Hatua ya tatu: kusanya vyanzo kabla ya kuandika neno lolote

Hapa ndipo nilipojikwaa. Aya yangu ya kwanza niliiandika usiku mmoja baada ya zamu, kutoka kichwani, nikieleza niliyoyaona kwa wagonjwa wangu kwa miaka kadhaa, na asubuhi nikakuta imefutwa. Nilikasirika, nikamwandikia aliyeifuta maneno ambayo sitayarudia hapa. Baadaye nilikubali kwamba alikuwa na haki, kwa kuwa msomaji wa Mtwara au wa Bukavu hana njia ya kukagua kumbukumbu zangu, na Wikipedia haipokei utafiti wa mtu binafsi hata akiwa mkweli.

Kwa madai ya tiba, chanzo kinachotakiwa ni mapitio ya tafiti nyingi, mwongozo wa kitaifa au wa Shirika la Afya Duniani, au kitabu cha kiada kinachoaminika. Utafiti mmoja peke yake, hata ukiwa mpya na wa kuvutia, hautoshi. Pendelea vyanzo vya miaka mitano hivi iliyopita, maana tiba haikai mahali pamoja. Mpango wa dunia wa kutokomeza ugonjwa huu ulianza mwaka 2000, na kwa miaka mingi kampeni za kugawa dawa huku kwetu zilitumia dawa mbili, DEC (kifupi cha diethylcarbamazine) na albendazoli. Lakini mwaka 2018 Lamu Mashariki na Jomvu ya Mombasa yalikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoongezewa ivermektini, zikawa tatu. Anayetegemea kitabu cha zamani ataandika mbili, na hakuna msomaji atakayemshtukia.

Jambo jingine linalowaponza wengi wetu ni hakimiliki. Machapisho mengi ya Shirika la Afya Duniani hutolewa kwa leseni inayokataza matumizi ya kibiashara, na leseni hiyo haipatani na ya Wikipedia, kwa hiyo huruhusiwi kunakili maneno yake, wala kuyatafsiri sentensi kwa sentensi. Ukweli wenyewe hauna mwenyewe: usome, ufunge ukurasa, kisha uueleze kwa maneno yako na utaje ulikoutoa. Ukitafsiri kutoka Wikipedia ya Kiingereza unaruhusiwa, ila lazima ueleze hivyo katika muhtasari wa kuhariri na uweke kiungo cha makala ya asili.

Hatua ya nne: amua majina

Hatua hii ndiyo inayomhitaji mhudumu wa afya kuliko mtu mwingine yeyote, nami naona aibu kwamba tunawaachia wengine. Matende ni uvimbe wa mguu au mkono unaodumu; busha ni maji yaliyojaa katika mfuko wa korodani. Mgonjwa kliniki huenda asitamke lolote kati ya hayo, bali atasema ana mshipa, na mshipa kwake waweza kuwa busha, waweza kuwa ngiri, na waweza kuwa maumivu ya kiuno tu. Wapo pia wanaosema ngirimaji kwa maana ya busha. Usichague jina moja ukayatupa mengine: jina sanifu liwe kichwa cha makala, majina ya mtaani yatajwe katika aya ya kwanza pamoja na maelezo ya tofauti zake, kisha uunde kurasa za kuelekeza ili atakayeandika ngirimaji afike panapomhusu. Lahaja ya Kiamu naipenda, lakini katika makala nasema macho, si mato.

Jina la kisayansi nalo liandikwe kamili. Kisiwa chetu cha Pate kimempa jina mnyoo aitwaye Brugia patei, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1958, ambaye huishi katika paka na mbwa. Mwandishi mwenye haraka akikutana na habari hiyo ataandika kwamba mabusha ya Lamu yanatokana na paka, na paka wetu wana masaibu ya kutosha. Matende ya huku husababishwa na Wuchereria bancrofti, ambaye mbu humtoa kwa binadamu na kumpeleka kwa binadamu mwingine.

Hatua ya tano: andika

Anza na maana ya ugonjwa, kisha dalili, chanzo, uchunguzi, tiba, na kinga. Usiweke vipimo vya dozi, kwani mtu atavifuata bila kupimwa. Sema badala yake kwamba wajawazito, watoto walio chini ya miaka miwili na wagonjwa mahututi hawapewi dawa katika kampeni. Sema wazi pia kwamba dawa za kampeni haziliondoi busha lililokwisha kujaa, ambalo hutibiwa kwa upasuaji, na kwamba mguu wenye matende hupata nafuu kubwa kwa kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, kukaushwa vizuri katikati ya vidole na kuinuliwa wakati wa kupumzika. Picha ya mgonjwa wako usiiweke, hata ukificha uso. Lamu mtu hujulikana kwa mguu.

Angalia saa unapotafsiri. Damu ya kutafuta vijinyoo vichanga huchukuliwa usiku, kwa sababu wakati huo ndipo vinapojitokeza kwenye mishipa midogo ya pembeni, na Kiingereza hutaja saa 10 usiku hadi saa 2. Ukiiacha tarakimu kama ilivyo, umemwamsha fundi wa maabara karibu na adhana ya alfajiri. Kwa Kiswahili ni saa nne usiku hadi saa nane.

Ukimaliza rasimu, msomee mtu asiye wa kazi yetu. Mimi humsomea mzee mmoja nahodha barazani baada ya sala ya isha. Nilipofika kwenye "mfumo wa limfu" alinikatiza: "Mwanangu, hiyo limfu ndiyo kitu gani?" Nikamwambia ni mifereji myembamba inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, na minyoo ikikaa humo mifereji huharibika, maji yakakosa pa kupita. "Basi si ungeandika hivyo," akasema, nami nikaandika hivyo.

Hatua ya sita: weka tanbihi na uhifadhi

Kila dai la tiba lifuatwe na tanbihi yake palepale, si rundo moja mwishoni. Ukibandika nambari ya DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala ya jarida mtandaoni) katika kisanduku cha kuweka tanbihi, aghalabu programu hujaza yenyewe jina la jarida na mwaka; kagua, kwani hukosea. Andika rasimu nje ya mtandao na uhifadhi aya moja moja, ili bando likikatika usipoteze kazi ya jioni nzima.

Hatua ya saba: iangalie

Bonyeza nyota iliyo juu ya ukurasa, makala iingie katika maangalizi yako. Mtu akibadilisha busha kuwa ngiri, usirejeshe kimyakimya. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano, weka chanzo chako, mngoje ajibu. Mara moja nilingoja siku tatu, na aliyejibu alikuwa muuguzi wa Tanga aliyenionyesha kwamba tanbihi yangu ya nne ilielekeza kwenye makala ya ugonjwa mwingine kabisa.