Siku 90 ndani ya 180: namna ya kuhesabu ukaaji wako Schengen usije ukapitiliza

Anayepanga kukaa Ulaya kwa miezi, awe bibi anayekwenda kulea mjukuu Hamburg au mstaafu anayetaka kuzunguka nchi tano bila haraka, huwa anajiandaa sana kwa ajili ya ubalozi na hajiandai kabisa kwa ajili ya kalenda. Viza ikishabandikwa kwenye pasipoti, anaona kazi imekwisha. Kumbe hesabu ndiyo kwanza inaanza, na ni yeye wa kuifanya.

Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka baina yao, lina nchi 29. Ndani yake wamo Uswisi, Norwei, Aislandi na Liechtenstein, ambao si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Kroatia iliingia Januari 2023. Bulgaria na Romania zilianza na viwanja vya ndege na bandari Machi 2024, kisha mipaka ya nchi kavu Januari 2025. Ayalandi na Kupro hazimo, na Uingereza haijawahi kuwamo. Nchi hizo 29 zihesabu kama nchi moja: siku kumi za Paris, kumi za Roma na kumi za Vienna ni siku thelathini, na kuvuka kutoka Ujerumani kwenda Ufaransa hakuanzishi hesabu mpya.

Soma stika kabla hujasoma tiketi

Viza ya matembezi ni ya aina C. Stika yake ina mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni tarehe mbili, ya kuanza na ya mwisho. Hizo ni tarehe ambazo stika inaweza kutumika, hazikwambii ukae siku ngapi. La pili ni idadi ya siku: 15, 30, 60, 90. La tatu ni idadi ya kuingia: 01, 02 au MULT, yaani mara nyingi. Juu ya hayo kuna sheria ya siku 90 ndani ya siku 180, ambayo inakubana hata ukiwa na stika ya miaka mitano. Katika vikomo hivi, kitakachofika mapema ndicho kinachokutoa.

Chukua stika ya kuingia mara moja, kuanzia 1 Juni hadi 15 Julai, siku 30. Ukihesabu, tarehe hizo zina siku 45. Ubalozi haujakosea. Viza ya kuingia mara moja kwa kawaida huongezewa siku 15 za nafasi, ili safari ikisogea kidogo usilazimike kuomba upya. Ukiingia 1 Juni, mwisho wako ni 30 Juni, si 15 Julai. Ukichelewa ukaingia 20 Juni, siku 30 zingekufikisha 19 Julai, lakini stika inakufa tarehe 15. Utakuwa umekaa siku 26, na nne zilizobaki zimepotea. Anayesoma tarehe ya mwisho peke yake, akakata tiketi ya kurudi 15 Julai baada ya kuingia 1 Juni, atakuwa amepitiliza siku 15 bila kujua.

Hesabu yenyewe

Kila siku unayokuwa ndani ya Schengen, afisa ana haki ya kuuliza swali moja: katika siku 180 zinazoishia leo, na leo ikiwemo, umekuwa ndani siku ngapi? Jibu lisizidi 90. Dirisha hilo la siku 180 linatembea nawe. Halianzi Januari, wala halianzi siku uliyoingia mara ya kwanza.

Siku ya kuingia inahesabiwa nzima, hata ukigongewa muhuri saa tano na dakika hamsini usiku. Siku ya kutoka nayo inahesabiwa nzima. Na miezi mitatu si siku 90: anayeingia 1 Julai akatoka 30 Septemba amekaa siku 92. Kosa hili huwapata hata watu makini, kwa sababu ndimi zetu zimezoea kuhesabu miezi.

Tumfuate yule bibi, tukichukulia kwamba ana viza ya kuingia mara nyingi ya mwaka mzima. Anaingia 10 Januari 2026, anatoka 28 Februari. Januari amekaa siku 22, Februari 28, jumla 50. Anarudi 1 Mei. Dirisha la siku 180 linaloishia 1 Mei linaanzia 3 Novemba 2025, kwa hiyo zile 50 zote bado zimo. Amebakiwa na 40: 31 za Mei na 9 za Juni. Lazima awe ametoka ifikapo 9 Juni.

Je, arudi lini tena? Siku yake ya kwanza, 10 Januari, inadondoka nje ya dirisha tarehe 9 Julai. Hapo anaweza kuingia, kwa sababu kila siku mpya anayoitumia inafidiwa na siku moja ya zamani inayodondoka. Hali hiyo itaendelea mpaka zile 50 za Januari na Februari ziishe, yaani hadi 27 Agosti. Tarehe 28 Agosti hakuna kinachodondoka, na akiwa bado ndani atakuwa na siku ya 91.

Kama hesabu hii inakuumiza kichwa, ipo njia nyepesi: kaa siku 90 mfululizo, kisha kaa nje siku 90 mfululizo. Aliyeingia 1 Januari 2026 akatoka 31 Machi ametimiza 90, na anaweza kuingia tena 30 Juni. Tume ya Ulaya pia ina kikokotoo cha bure kwenye tovuti yake. Unaingiza tarehe zako za kuingia na kutoka, nacho kinakwambia siku zilizobaki. Kitumie, lakini kumbuka kwamba hakijui stika yako imeandikwa siku ngapi.

Kupata viza mpya hakufuti siku za nyuma. Pasipoti mpya nayo haifuti. Zamani kuna waliotegemea muhuri uliofifia. Siku hizo zinakwisha. Mfumo wa kielektroniki wa kuandikisha wanaoingia na kutoka, EES, ulianza kuwashwa kwa hatua 12 Oktoba 2025, na ratiba yake ilipanga mipaka yote iwe imeunganishwa ifikapo 10 Aprili 2026. Kompyuta ndiyo inayohesabu, na haibembelezeki.

Kuomba, kwa anayetaka kukaa muda mrefu

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Jibu linatakiwa ndani ya siku 15, lakini wanaweza kwenda hadi 45. Msimu wa kiangazi, nafasi za miadi Nairobi na Dar es Salaam huwa adimu, basi anza miezi mitatu au minne mapema. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Ukipitia kituo cha wakala kama VFS Global, kuna ada yao ya huduma juu yake, ambayo kwa kawaida haizidi nusu ya ada ya viza. Ukinyimwa, ada hairudi.

Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa ile utakayoingilia kwanza. Wanaoomba kwenye ubalozi unaosifiwa kuwa mwepesi, huku mwaliko wao unatoka nchi nyingine, wanajichongea. Na unaomba pale unapoishi kihalali. Mtanzania mwenye kibali cha ukaaji Muscat anaomba Muscat, na Mkongomani mwenye kibali Kampala anaomba Uganda. Ila kibali chenyewe kiwe bado hai hata baada ya tarehe ya kurudi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na angalau kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa hai miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen. Kwa ukaaji wa siku 90, hii ina maana pasipoti iliyobakiza miezi mitano haikufai, hata kama inaonekana ina muda mwingi. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen na igharimie hadi kurudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Alama za vidole zikishachukuliwa hutumika tena kwa miezi 59.

Fedha ndiyo inayoangusha wengi, na mara nyingi tatizo si udogo wake. Taarifa ya benki inayoonyesha akaunti kavu kwa miezi mitano, kisha shilingi milioni kumi zikaingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi, inasomeka vibaya kuliko akaunti ya kawaida yenye mshahara unaoingia na kutoka. Kama fedha imetoka kwa mtoto au umeuza kiwanja, ambatisha hati inayoeleza hivyo.

Anayekwenda kukaa kwa mtoto wake asiridhike na barua ya mwaliko iliyoandikwa nyumbani. Ujerumani, mwenyeji anayebeba gharama huenda ofisi ya wageni ya mji wake na kusaini ahadi rasmi iitwayo Verpflichtungserklärung, kwa euro 29, na ubalozi unataka nakala halisi. Ufaransa, mwenyeji anachukua attestation d'accueil kwenye ofisi ya meya. Uholanzi, fomu ya udhamini inathibitishwa kwenye manispaa. Mwenyeji akutumie hati yenyewe kwa kampuni ya vifurushi, maana picha ya simu haitakufaa.

Halafu kuna swali ambalo ubalozi hauulizi kwa sauti: mtu anayeweza kuacha shughuli zake siku 90, anarudi kufanya nini? Mfanyakazi aonyeshe barua ya likizo yenye tarehe zinazolingana na tiketi. Mwajiri anayetoa likizo ya siku 28 kwa mtu anayeomba siku 85 ameshajibu swali hilo vibaya. Mwenye biashara aonyeshe leseni, hati za kodi na nani atakayeisimamia. Mstaafu aonyeshe pensheni, nyumba na wanaomtegemea. Kwa safari ya kwanza, kuomba siku 30 au 45, kwenda na kurudi kwa wakati, ni busara kuliko kulazimisha 90.

Uaminifu huo unalipa kwa maandishi. Aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka 2 iliyopita anastahili kufikiriwa viza ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja. Aliyekuwa na ya mwaka mmoja ndani ya miaka 2 anafikiriwa ya miaka 2, na aliyekuwa na ya miaka 2 ndani ya miaka 3 anafikiriwa ya miaka 5. Beba nakala za viza za zamani hata kama pasipoti ile imeisha.

Mitego ya njiani

Mwenye viza ya kuingia mara moja asitoke. Ukienda London wikiendi, au ukapanda basi kwenda Serbia au Albania, viza yako imekwisha hata kama siku 60 zimebaki. Mwenye mpango wa namna hiyo aombe kuingia mara mbili au zaidi tangu mwanzo, na aonyeshe sababu.

Hesabu inaanzia uwanja wa kwanza wa Schengen. Ukipitia Amsterdam kwenda Roma, umeingia Amsterdam. Ukipitia Doha au Addis Ababa, umeingia Roma. Anayefika Italia akitokea nchi nyingine ya Schengen, na asiyelala hotelini, anatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya siku 8. Wageni wengi wa familia hawalijui hili.

Usikate tiketi ya kurudi siku ya 90. Acha siku tano. Ndege ikifutwa, mgomo ukitokea au ukilazwa hospitali, viza inaweza kuongezwa na ofisi ya uhamiaji ya nchi uliyopo, lakini uende kabla muda haujaisha, ukiwa na barua ya shirika la ndege au ya daktari. Kwa dharura au sababu za kibinadamu hulipi; kwa sababu nzito za kibinafsi ni euro 30. Tiketi kuwa ghali au mjukuu kulia si sababu.

Anayehitaji zaidi ya siku 90 kweli kweli aache kunyoosha viza ya C. Aombe viza ya D ya nchi husika, akiwa bado nyumbani, maana kwa kawaida huwezi kuibadilisha ukiwa kule. Ufaransa inayo kwa wageni wenye kipato chao wasiofanya kazi, nayo lazima uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi 3 ya kufika. Uswidi ina kibali cha ugeni cha zaidi ya siku 90, ambacho wazazi wa wanaoishi huko hukitumia. Siku unazokaa chini ya viza ya D au kibali cha ukaaji haziingii kwenye zile 90. Uingereza nayo ina hesabu yake: viza ya kawaida ya mgeni inaruhusu hadi miezi 6, kwa hiyo mwenye ndugu pande zote mbili anaweza kumalizia London zile siku 90 za kukaa nje ya Schengen, mradi aiombe viza hiyo kwa ukweli huo.

Vipande vya pasi za kupandia ndege usivitupe mpaka safari inayofuata ipite. Rekodi ya kutoka ikikosekana, afisa atachukulia kwamba ulikuwa bado ndani, na vipande hivyo ndivyo vinavyokubaliwa kuthibitisha kwamba ulishaondoka.