Jezi Iliyovaliwa Uwanjani: Ikague Kabla Hujatoa Pesa

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kongowea upande wa mitumba. Kazi yangu hasa ni kupunguza suruali na kubadilisha zipu, lakini kwa kuwa nimewashonea jezi vijana wengi wa mtaani, watu huniletea za kwao: "Fundi, hebu niangalizie, ati hii ilivaliwa na mchezaji mwenyewe." Hapo pana maswali mawili, na wauzaji hupenda kuyachanganya. Moja, je, jezi ni orijino? Pili, je, ilivaliwa kwenye mechi hiyo inayotajwa? Jezi yaweza kuwa orijino kabisa na isijue hata harufu ya uwanja.

La kwanza ni jepesi. Igeuze ndani nje. Kwenye kilebo kidogo pana namba ya bidhaa, iandike Google. Ikikuletea koti au jezi ya timu nyingine, mrudishie mwenyewe. Ikikuletea yenyewe, usishangilie bado, maana wanaoghushi hunakili namba hizo hizo. Kwa miaka kadhaa Adidas iliandika HEAT.RDY kwenye jezi za kiwango cha wachezaji na AEROREADY kwenye za mashabiki. Nike nayo ilitumia Dri-FIT ADV kwa za wachezaji. Nembo ya jezi ya mchezaji mara nyingi hubandikwa kwa moto ili iwe nyepesi, na ya shabiki ndiyo hudariziwa. Sokoni wengi huuza kinyume: wakiona darizi nene, bei inapanda. Na hata hiyo ya kiwango cha wachezaji huuzwa madukani kwa yeyote mwenye pesa.

Sasa tafuta uchakavu. Mchezaji anapokimbia, mkono husugua ubavu, kwa hiyo vifundo vidogo vya nyuzi huota chini ya kwapa na ubavuni. Beki akimvuta, uzi huchomoka mmoja mmoja begani au kwenye pindo. Doa la nyasi hufuata mtelezo, upande mmoja, kwenye kiwiko au nyonga. Anayeghushi hupiga msasa, na msasa huchuna eneo zima sawasawa. Wengine huchovya kwenye chai ya rangi ili ionekane kuukuu. Jezi za hao zichungulie kwenye lebo na ndani ya mishono, rangi itakuwa imeenea kote, mahali ambapo jasho haliachi alama ya namna hiyo. Na koga si ushahidi hapa kwetu. Jezi ikilala kabatini masika yote bila kuanikwa hutoka madoa meusi hata kama haijavaliwa.

Ukiweza, azima ile taa ya zambarau ya kukagulia noti feki, uingie nayo chumba chenye giza. Uzi ulioongezwa baadaye mara nyingi hung'aa tofauti na wenzake. Kama nembo imeshonwa upya, hapo huonekana wazi.

Yote hayo huiondoa jezi mbaya tu. Kinachothibitisha ni picha ya mechi yenyewe. Jezi ya Maradona ya mechi ya Kombe la Dunia, Argentina na Uingereza, 22 Juni 1986, alibaki nayo Steve Hodge, mchezaji wa Uingereza, baada ya kubadilishana. Ilipotaka kupigwa mnada mwaka 2022, familia ya Maradona ilidai ni ya kipindi cha kwanza, na magoli yake yote mawili yaliingia kipindi cha pili. Wataalamu wakalinganisha nembo, mistari na namba zake na picha za siku ile, alama kwa alama. Ikauzwa pauni milioni 7.1.

Tuseme umeletewa jezi ya Celtic ya Uskoti, ya Victor Wanyama wetu, namba 67, na muuzaji anaapa ni ile ya goli alilowafunga Barcelona, 7 Novemba 2012. Tazama mikono kwanza. Ikiwa ina beji za ligi ya Uskoti, mazungumzo yamekwisha. Usiku ule ulikuwa wa Ligi ya Mabingwa, na beji ya mpira wa nyota hukaa mkono wa kulia. Ikiwa inayo, tafuta picha kubwa za mashirika kama Reuters au Getty. Angalia mistari ya kijani na nyeupe inavyokutana kwenye mshono wa ubavuni. Sisi mafundi tunajua: hakuna nguo mbili zinazokatwa zikalingana hapo hadi milimita. Angalia pia maandishi ya mdhamini yameanza wapi juu ya mstari. Alama moja kufanana ni bahati. Nataka tatu, na moja iwe ya ajali: uzi uliovutika, namba iliyokaa upogo.

Kwa timu zetu za ligi kazi ni ngumu zaidi, maana seti moja hufuliwa na kuvaliwa tena na tena, na namba huhama mtu. Mwombe mpiga picha wa uwanjani faili yake halisi. Iliyopitia WhatsApp imeshabanwa, mishono haionekani.

Namba za kifuani za mbio za nyika za dunia, zilizofanyika hapa Mombasa 24 Machi 2007, nazo huzunguka. Joto la siku ile lilimshinda hata bingwa wa Ethiopia, Kenenisa Bekele, akaacha mbio na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Namba iliyokimbia siku hiyo haiwezi kuwa imenyooka kama karatasi mpya: matundu ya pini yamevutika kuwa marefu, pembeni pana kutu, katikati pamekunjamana. Kisha oanisha namba na matokeo na picha za mkimbiaji.

Ukiridhika, usiifue. Mwambie muuzaji aandike kwenye risiti jina la mchezaji, mechi, tarehe, na neno "ilivaliwa". Akikataa kuliandika neno hilo, mlipe bei ya jezi ya kawaida.