Gesi ya Kiwandani Ikivuja: Jinsi Wananchi Wanavyoweza Kuwa Sehemu ya Utafiti wa Afya Zao

Gesi yenye madhara inapovuja kiwandani, au katika lori la kemikali lililopinduka barabarani, macho huwasha siku ile na kikohozi hukaa wiki kadhaa, lakini swali la kama watu wamedhurika kwa muda mrefu huweza kubaki kwa miaka. Jibu lake hutokana na utafiti wa afya uliopangwa vizuri. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Nyanda za Juu Kusini, ambako mitambo mikubwa ya kupoozea inaweza kutumia amonia, maji ya bomba husafishwa kwa klorini, na malori ya mizigo ya kila aina hupita usiku na mchana katika barabara kuu ya TANZAM, kutoka Iringa na Makambako hadi Mbeya na mpaka wa Tunduma. Ninachosisitiza ni kwamba wananchi wanapaswa kuingia katika utafiti kabla maswali yake hayajaandikwa, kwa sababu yapo mambo ambayo wao peke yao ndio wanaoyajua, na mambo hayo yakikosekana mwanzoni hakuna mtaalamu anayeweza kuyarudisha baadaye.

Daftari la mtaa

Kazi ya kwanza huanza kabla mtafiti yeyote hajafika. Klorini na amonia huchoma macho, koo na mapafu, lakini haziachi katika damu alama ya kudumu ambayo maabara ingeweza kuipima baada ya miezi sita. Hali ni tofauti kabisa na ile ya Seveso, Italia, ambako tarehe 10 Julai 1976 wingu lenye sumu ya dioksini lilitoka kiwandani na kuangukia makazi. Dioksini hukaa mwilini kwa miaka mingi, na damu iliyohifadhiwa tangu wakati ule iliweza kupimwa zaidi ya miaka 10 baadaye na kuonyesha ni nani aliyepata sumu kwa kiasi gani. Mtu aliyevuta klorini hana akiba ya namna hiyo. Ushahidi wa kiasi alichovuta ni kumbukumbu ya mahali alipokuwa, saa ngapi, kwa muda gani, na upepo ulikuwa unaelekea wapi, na kumbukumbu ya binadamu huchakaa haraka.

Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, pamoja na wajumbe wake na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wafungue daftari ndani ya siku chache za mwanzo. Kila kaya iandikiwe watu waliokuwepo usiku au mchana ule, umri wao, walikuwa ndani au nje, harufu waliyoisikia, dalili walizozipata na siku zilipokwisha. Waandikwe pia wale ambao kwa kawaida husahaulika: mpangaji wa chumba kimoja anayehama mwezi ujao, kibarua wa kutwa, mlinzi wa getini, mama anayeuza chapati na chai mbele ya kiwanda, mwanafunzi wa bweni, dereva wa bodaboda aliyepitisha abiria. Namba ya simu ya ndugu wa karibu ichukuliwe, maana watu huhama, na utafiti uliowapoteza wahamaji huwapoteza mara nyingi wale walioumia zaidi.

Mifugo iliyokufa, majani ya mahindi au viazi yaliyoungua, na mabati yaliyobadilika rangi vipigwe picha ambazo tarehe yake inajulikana. Aliyekwenda zahanati ahakikishe mganga ameandika katika daftari lake la matibabu kwamba alivuta gesi, pasipo kuishia kwenye neno «kikohozi», na mama mjamzito atunze kadi yake ya kliniki kama anavyotunza cheti cha kuzaliwa.

Hali ya ardhi na hewa ya kwetu nayo inahitaji kuandikwa. Katika usiku wa baridi wa Juni na Julai, hewa ya chini hupoa na kutuama mabondeni hadi jua lipande. Klorini ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara mbili na nusu, hivyo hutambaa chini na kujaza mabonde. Amonia ni nyepesi kuliko hewa, lakini inapotoka kwa ghafla katika tangi ikiwa baridi na yenye ukungu huweza kutambaa chini kwanza kabla ya kupanda. Mzee anayejua moshi wa jikoni hulala upande gani alfajiri ana taarifa ambayo kituo cha hali ya hewa kilichoko mbali hakina. Achorewe ramani ya mtaa, aonyeshe kwa kidole, na alichokionyesha kitiwe alama.

Kamati isiyo ya mapambo

Mkutano wa hadhara wa mtaa au mkutano mkuu wa kijiji uchague kamati ndogo ya kuzungumza na watafiti. Uzoefu wa vikao vingi vya maendeleo unaonyesha kwamba nafasi hizo huelekea kujazwa na viongozi, na ninaona hilo ni kosa katika jambo hili. Mtendaji wa kata na mwenyekiti wanahitajika, lakini wingi wa kamati uwe wa walioguswa: wanaoishi karibu na uzio, wanawake waliokuwa wajawazito, mzazi wa mtoto mwenye pumu, mfanyakazi wa zamu. Anayelipwa mshahara na kiwanda asizuiwe kushiriki, maana pengine ndiye aliyevuta gesi nyingi kuliko wote, ila uhusiano wake usemwe wazi mbele ya kikao na asikabidhiwe kalamu ya muhtasari. Viongozi wa dini na machifu wa jadi wana sauti inayosikilizwa na wasiohudhuria mikutano ya serikali, kwa hiyo washirikishwe mapema.

Posho isemwe hadharani: nani anapata, kiasi gani, na kutoka kwa nani. Posho inayofichwa huzaa uvumi kwamba kamati imenunuliwa, na uvumi huo ukishaingia, watu hufunga milango.

Vibali, na maswali ya kuuliza mezani

Utafiti wowote wa afya ya binadamu nchini Tanzania unahitaji kibali cha maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo yenye kamati ya kitaifa ya maadili, na ina kituo hapo Mbeya. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Mwananchi ana haki ya kuomba kuona barua hizo na kunakili namba zake. Mtafiti mwaminifu hukasirishwa na swali hilo mara chache sana, kwa kuwa hata yeye analindwa nalo.

Kisha kamati iulize nani analipia utafiti na kama mlipaji ana uwezo wa kuzuia matokeo yasitoke. Iulize gesi iliyovuja ilikuwa ipi hasa, na kama kiwanda kimetoa taarifa kamili za kemikali zake. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, baraza la mazingira NEMC, na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, ni mahali pa kuandikia barua kama jibu halipatikani. Iulize pia utafiti utadumu kwa muda gani. Huko Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, kiasi cha tani 40 za gesi ya methaili isosaiyaneti kilitoka katika kiwanda cha viuatilifu na kuwafikia zaidi ya watu nusu milioni, maelfu wakafariki. Ufuatiliaji mkubwa wa kitaifa wa afya za manusura ulisimama mwaka 1994 ilhali watu walikuwa bado wagonjwa, na mwaka 1996 manusura na waliowaunga mkono wakafungua kliniki yao wenyewe, Sambhavna, ya kutibu na kutunza kumbukumbu. Kamati inayojua habari hiyo haitakubali mpango wa mwaka mmoja bila kuuliza kitakachofuata.

Mfano wa pili unafundisha kuhusu ucheleweshaji. Kisima cha kuhifadhia gesi asilia cha Aliso Canyon, karibu na Los Angeles, Marekani, kiligunduliwa kinavuja Oktoba 2015 na kikazibwa Februari 2016. Maelfu ya familia yalihama kwa muda. Dola milioni 25 za utafiti wa afya zilipatikana katika mapatano ya kisheria ya mwaka 2018, na chuo kikuu cha kuufanya, UCLA, kilitangazwa mwaka 2022, huku kikundi cha ushauri cha wakazi kikiwa kimeundwa. Ikiwa nchi yenye fedha nyingi kiasi hicho ilichukua zaidi ya miaka sita, daftari letu la mtaa lazima liandikwe likitarajia kusubiri muda mrefu.

Maswali ya dodoso na kundi la kulinganisha

Hapa ndipo ushiriki wa wananchi unapookoa utafiti mzima, na kamati isikubali kuharakishwa. Omba rasimu ya dodoso, isomeni kwa sauti, kisha ijaribiwe kwa kaya chache. Wazee wengi hueleza maumivu kwa ufasaha zaidi kwa Kisafwa, Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, hivyo wahojaji wapatikane wanaoijua lugha ya mahali. Maswali ya hedhi, mimba zilizoharibika na nguvu za kiume yaulizwe na mtu wa jinsia ileile, faraghani, na yasiondolewe kwa kisingizio cha aibu.

Dodoso lazima liulize pia kuhusu moshi wa kuni, tumbaku, kifua kikuu, kazi ya migodini, na dawa zinazopulizwa katika mashamba ya viazi, nyanya na chai. Najua wapo watakaoona kwamba maswali hayo yanatafuta njia ya kukilaumu jiko na kukisafisha kiwanda. Ukweli ni kinyume chake: utafiti usiouliza kuhusu jiko ndio utakaoangushwa kwa urahisi, kwa kuwa mtu yeyote atasema kikohozi ni cha moshi wa kuni na hakutakuwa na takwimu ya kumjibu.

Kwa sababu hiyohiyo, eneo la kulinganisha lifanane na lililoathirika kwa kila jambo isipokuwa gesi. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ni tambarare ya joto iliyo chini sana ya hapo. Kulinganisha vifua vya watu wa Uyole, jijini Mbeya, na vya watu wa Kyela ni kupotoka, kwa maana baridi, mwinuko, moshi wa ndani ya nyumba na hata malaria vinatofautiana. Wananchi ndio wanaoweza kupendekeza mtaa wenye nyumba, kazi na kuni kama zao ulioko upande ambao upepo haukuelekea.

Damu na uvumi

Kila sampuli iwe na jibu la swali moja: inapima nini? Kwa gesi inayochoma mapafu, kipimo cha kupuliza pumzi ndani ya mashine kinaweza kueleza mengi kuliko chupa ya damu, na kama damu haihitajiki, isichukuliwe. Hofu ya mumiani haijatoka midomoni mwa watu, na kuibeza hakusaidii. Ni vyema wajumbe wa kamati wapimwe kwanza mbele ya wote, kiasi cha damu kionyeshwe katika bomba lenyewe, na ielezwe itapelekwa maabara gani, itatunzwa kwa muda gani na kama itasafirishwa nje ya nchi.

Fomu ya ridhaa isomwe yote kwa Kiswahili, nakala ibaki kwa mshiriki, asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, na kila mtu ajue kwamba anaweza kujitoa bila kunyimwa matibabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia taarifa za afya, kwa hiyo daftari la mtaa lenye majina lifungiwe kabatini na lisipigwe picha na kurushwa katika makundi ya simu.

Matokeo yarudi nyumbani

Yaandikwe katika makubaliano tangu mwanzo: mtu apewe majibu yake binafsi kwanza, faraghani, na atakayekutwa na tatizo apewe rufaa, ikijulikana nani anagharimia nauli na matibabu. Matokeo ya jumla yasomwe katika mkutano wa hadhara kabla ya kufika kwenye vyombo vya habari.

Kamati ijifunze mapema maana ya kauli ya watafiti kwamba kati ya gesi na ugonjwa «uhusiano haukuthibitika». Tuchukulie mtaa wa watu 300 ambao kwa kawaida 15 kati yao wangekuwa na pumu, na baada ya gesi wakaonekana 20. Hao watano walioongezeka ni watu halisi wanaokohoa usiku, lakini kwa idadi ndogo namna hiyo hesabu za kitakwimu zinaweza kuiona tofauti hiyo kuwa ya bahati. Hivyo mtafiti aulizwe kabla ya kuanza: kwa idadi yetu, madhara yanapaswa kuwa makubwa kiasi gani ndipo utafiti uyaone? Kama jibu haliridhishi, mitaa jirani iliyoguswa iunganishwe katika utafiti mmoja, au wananchi waombe ufuatiliaji wa kliniki badala yake, ambao humhudumia mgonjwa bila kusubiri hesabu.

Ripoti, ramani, mihtasari na barua za vibali ziwe na nakala tatu: moja ofisi ya mtaa au kijiji, moja zahanati, na moja kwa mtu aliyechaguliwa na mkutano ambaye si kiongozi. Uongozi unapobadilika baada ya uchaguzi, makabidhiano ya nyaraka hizo yasainiwe mbele ya wajumbe, na orodha ya namba za simu ihakikiwe upya siku hiyohiyo.