Dagaa, mawese na simu yako: jinsi ya kumjua mteja kupitia mitandao

Wafanyabiashara wengi hapa Kigoma tuna simu janja, tunaposti dagaa na mawese asubuhi mpaka jioni, ila ukimuuliza mtu wateja wake hasa ni akina nani na wanataka nini anakwambia "wananunua tu". Hapo ndo hela inapopotea jamani. Mtandao tunautumia kama kipaza sauti, wakati kazi yake nzuri zaidi ni kusikiliza, na kusikiliza hakutaki tangazo la kulipia, bando lako la kawaida linatosha.

Anza na maswali uliyoulizwa tayari. Fungua chati za wiki chache zilizopita, walionunua waache kwanza, soma za waliouliza wakapotea. Chukua daftari uandike swali kama lilivyo, usilirembe. Mtu kaandika "dagaa wenu wana mchanga?" andika hivyo hivyo, pembeni weka yuko mkoa gani na aliishia wapi. Ukijaza kurasa mbili tu utaona yanajirudia. Hilo la mchanga likijirudia ujue kuna watu huko Dar na Dodoma walishauziwa dagaa walioanikwa chini na hawajasahau, sasa kama wa kwako wanaanikwa kwenye chanja usiishie kuandika "dagaa safi", kila mtu anaandika hivyo. Piga video, mimina dagaa kwenye sahani nyeupe, watingishe, watoe, halafu onesha sahani imebaki hivyo hivyo safi. Hapo umemjibu hata yule ambaye hajauliza.

Hapo kwenye "aliishia wapi" weka akili zaidi, maana wengi mteja akipotea tunasema bei ni kubwa afu tunashusha, kumbe sio bei. Angalia ujumbe wake wa mwisho ulikuja baada ya nini. Kama alinyamaza baada ya kutajiwa bei ya kilo, sawa, inawezekana ni bei. Kama alinyamaza baada ya kusikia nauli ya mzigo kwenye basi, basi tatizo ni usafiri, na labda ukiwaunganisha wateja watatu wa mji mmoja nauli inashuka. Na kama alinyamaza pale ulipomwambia tuma hela kwanza, huyo hakuamini tu, anahitaji kuona risiti za mizigo uliyowahi kutuma, na hata ukishusha bei mpaka nusu bado hatatuma.

Kuhusu kura za kwenye grupu la WhatsApp, zinakubali mpaka machaguo 12 ila weka matatu yanatosha. Usiulize "mngependa paketi ndogo?" maana kila mtu atasema ndio, watu wetu wana adabu. Uliza "mara ya mwisho ulinunua dagaa kiasi gani?" robo, nusu, kilo. Mtu anakwambia alichofanya, sio anachodhani atafanya.

Stetasi nayo ina siri zake. Inakaa masaa 24 na unaona walioiangalia, isipokuwa wale waliozima alama za kusoma. Ila mteja mpya ambaye hajasevu namba yako haioni kabisa, na zile orodha za kutuma kwa wengi ni hivyo hivyo, asiyekusevu haupati ujumbe. Kwa hiyo kabla hujasema watu hawana hamu na bidhaa yako, waombe wakusevu.

Afu toka kwako, nenda kwa wengine. Tafuta "dagaa wa Kigoma" au "mawese" TikTok, Facebook, Instagram, video pita tu, soma komenti. Kwenye mawese utakuta mtu analalamika mafuta yameganda, anahisi yamechanganywa na kitu. Sisi tunajua mawese yakikutana na baridi ya Mbeya au Njombe yanaganda na ukiyapasha yanarudi, ila yeye nani kamwambia? Mteja wa mikoa ya baridi mtumie maelezo hayo kabla mzigo haujafika.

Ukisoma namba zako kumbuka na ziwa. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wanapungua na bei inapanda, kwa hiyo oda zikishuka wiki hiyo usikimbilie kusema tangazo limefeli. Na ukilinganisha na mwaka 2024, uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi hiyo iweke pembeni.

Laiki zifurahie ila usizihesabu kama oda, ndugu zetu walioko mbali wanalaiki kwa kukumbuka nyumbani. Na skrinishoti ya mteja usiiposti hujamwomba ruhusa, wala usimwingize kwenye grupu bila kumuuliza, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ukishajua tatizo badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, mfano wiki hii weka bei pamoja na nauli kwenye posti yenyewe, vingine viache kama vilivyo, halafu rudi kwenye daftari uangalie wanaopotea sasa wanaishia wapi.