Somo: Kuhamisha mchoro wa mteja kutoka karatasini hadi ukutani bila kupotosha vipimo

Ndugu wanachama, somo hili nimelikusudia msanii anayejitegemea ambaye ameagizwa kuchora maandishi na nakshi kwenye ukuta wa mteja, awe mwenye duka, mwenye shule ya watoto wadogo au mwenye nyumba anayetaka chumba chake kipambwe. Wengi wetu kuchora tunajua. Kinachotusumbua ni kuufikisha ukutani mchoro uliopendeza mezani ukiwa ule ule, na hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu.

Hatua ya kwanza: kumsikiliza mteja na kuyaandika aliyoyasema

Kabla ya kushika penseli, muulize mteja ni nani atakayesoma maandishi hayo na atakuwa amesimama umbali gani. Mafundi wa mabango wana kipimo cha kukadiria kinachosaidia sana: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo kisichopungua sentimita 2.5 hivi. Kwa hiyo msomaji aliye mita 12 kutoka ukutani anahitaji herufi za sentimita 10, na hata hizo zitasomeka vizuri endapo tu rangi yake inatofautiana waziwazi na rangi ya ukuta.

Maneno yenyewe, mwombe mteja ayaandike kwa mkono wake. Niliwahi kuchora jina la biashara kama nilivyolisikia kwenye simu, nikalimaliza kwa siku mbili, na mwenyewe alipofika akakuta herufi mbili zimebadilishana nafasi. Nililifuta jina lote na kulirudia kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo sichori neno ambalo mteja hajaniandikia.

Hatua ya pili: kuukagua ukuta

Lipu mpya ya saruji iachwe ikauke kwa wiki 4 hivi, kwa sababu ina ualikali unaoweza kuibabua rangi na kufifisha baadhi yake. Kama unashuku unyevu, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zake zote kwa tepu, kisha kiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani, ahirisha kazi, hata kama mteja ana haraka. Unga mweupe wa chumvi unaochomoza kwenye lipu nao ni dalili ya maji yanayopita ndani ya ukuta, na kuupaka rangi juu yake ni kuuficha kwa muda tu.

Hatua ya tatu: rasimu yenye vipimo

Pima ukuta kwa futi kamba, upana juu na chini, kimo kushoto na kulia, kwa maana kuta chache mno zina pembe zilizonyooka. Ukuta wa mita 4 kwa mita 2.5 uchore kwa sehemu moja ya kumi, yaani sentimita 40 kwa 25, na uonyeshe milango, swichi na madirisha yalipo. Mteja aione rasimu hiyo, aikubali na kuitia saini.

Ukitumia kompyuta, chora kwa programu ya vekta, yaani inayohifadhi mchoro kama mistari badala ya nukta za rangi (pikseli), kwa sababu mchoro wa vekta hukuzwa kwa ukubwa wowote bila kupoteza ukali wa kingo, ilhali picha ya pikseli ikikuzwa huonyesha vijisanduku. Rangi usizithibitishe kwa kioo cha kompyuta. Kioo hutoa mwanga na ukuta huakisi mwanga, kwa hiyo havitafanana kamwe. Paka sampuli kwenye kipande cha ubao, kiegemeze kwenye ukuta wenyewe, umwonyeshe mteja asubuhi na jioni.

Jambo moja dogo ambalo huipambanua kazi ya fundi: herufi za mviringo kama O na S, zikiwa na kimo sawasawa na H, jicho huziona fupi. Katika herufi za sentimita 10, ziache zivuke mstari kwa milimita moja au mbili juu na chini. Nafasi kati ya herufi nayo haipimwi kwa rula. A na V zikikaa jirani husogezwa karibu zaidi kuliko H na I.

Hatua ya nne: kutoboa karatasi na kupiga unga

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ya zamani. Wachoraji wa Italia wa karne ya 15 waliitumia kuhamishia michoro yao kwenye lipu.

Chora mchoro kwa ukubwa wake kamili kwenye karatasi ngumu kiasi. Tandika blanketi mezani, weka karatasi juu yake, kisha toboa kufuata mistari kwa sindano iliyochomekwa kwenye mpini wa mti, au kwa kile kigurudumu cha meno wanachotumia mafundi cherehani. Kwenye mikunjo matundu yawe karibu, milimita 3 hivi. Kwenye mistari iliyonyooka yanaweza kuachana zaidi. Ukimaliza, geuza karatasi uipapase kwa kidole. Utahisi vinundu vidogo kama ngozi iliyosisimka. Hivyo vinundu viparuze kwa msasa laini, la sivyo vitayaziba matundu na unga hautapita.

Ukutani, piga mstari wa mlalo kwa pima maji na mstari wa wima kwa timazi, kisha linganisha alama za katikati za karatasi na mistari hiyo kabla ya kuibandika kwa tepu. Tia unga wa mkaa ndani ya soksi ya pamba, au unga wa chaki ikiwa ukuta ni mweusi, ufunge, kisha ugonge-gonge juu ya matundu. Gonga, usisugue, kwa sababu kusugua husogeza karatasi na kuchafua ukuta. Kabla ya kubandua yote, funua pembe moja uone kama nukta zimetokea. Ziunganishe nukta kwa penseli nyepesi, kisha pangusa unga wote kwa brashi kavu, maana mkaa ukibaki utaifanya rangi nyeupe iwe ya kijivu.

Hatua ya tano: kupaka

Anza na maeneo mapana, malizia na kingo. Mkono uuegemeze kwenye fimbo yenye kichwa cha kitambaa ili usiguse rangi mbichi. Ukitumia tepu kwenye mistari, ibandue kabla rangi haijakauka kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa nini nisitumie projekta badala ya kutoboa matundu maelfu?

Jibu: Itumie ndani ya chumba chenye giza, ila hakikisha imeuelekea ukuta moja kwa moja, kwani ikiinama kidogo mraba hugeuka kuwa umbo lenye upande mpana na mwingine mwembamba. Rusha kwanza mraba mtupu na uupime pande zote. Kwa nakshi inayojirudia, karatasi iliyotobolewa inashinda, kwa sababu utaitumia mara nyingi upendavyo.

Swali: Ukuta wangu una lipu ya chenga na unga haushiki vizuri. Nifanyeje, fundi?

Jibu: Tumia miraba. Chora miraba ya sentimita 2 kwenye rasimu ya sehemu moja ya kumi, na ya sentimita 20 ukutani, kisha uhamishe mraba kwa mraba. Punguza pia nakshi nyembamba, maana chenga zitazikatakata.

Swali: Samahani mwalimu, mteja akishalipa, mchoro unakuwa wake kabisa hata wa kuchapisha kwenye fulana?

Jibu: Ukuta ni wake, lakini hakimiliki ni suala jingine. Chini ya Mkataba wa Berne, ambao ni makubaliano ya kimataifa kuhusu hakimiliki, haki ya mtunzi haitegemei usajili, na katika nchi nyingi msanii wa kujitegemea hubaki nayo mpaka aihamishe kwa maandishi. Sheria za nchi hutofautiana, kwa hiyo andikeni kwenye makubaliano, kabla ya kazi kuanza, mchoro utatumika wapi, na matumizi ya ziada yatalipiwaje.