SOMO: Kwenda kwenye maonyesho ya zana za mkono bila kurudi na chuma chakavu

Wakuu, salaam. Swali ni lile lile kila wiki: "Fundi, hayo maonyesho ya randa na patasi yakoje, na mimi niende?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika leo, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Naongelea ya huku Marekani, maana ndiko ninakopigia randa. Mimi nilianzia Amana, Iowa, mwaka 2015, kwenye yale yaliyoitwa Handworks: kiingilio bure, watengenezaji wa zana wamejipanga ndani ya mabanda ya kale, kila meza kuna mtu anakata au anachonga. Amana yenyewe ni vijiji saba vya Wajerumani waliohamia hapo 1855 na kuishi kijamaa hadi 1932, kwa hiyo Mtanzania hujisikii mgeni sana. Hatua hizi zinafaa hata kwenye mikutano midogo ya wakusanyaji wa zana kuukuu, wazee wanapouzia kwenye buti za magari.

Hatua ya 1. Tarehe itafute kwa waandaaji wenyewe. Picha iliyozunguka WhatsApp huenda ni ya mwaka juzi.

Hatua ya 2. Wahi. Wa kwenye buti huanza gizani, na saa mbili asubuhi vitu vizuri vimekwisha.

Hatua ya 3. Pesa taslimu, noti ndogo ndogo.

Hatua ya 4. Beba rula ya chuma iliyonyooka, tochi ndogo, bisibisi, kitambaa, na kipande cha mbao yako. Hicho cha mwisho watu wanakidharau. Mbao iliyofungwa kwenye meza ya maonyesho imechaguliwa: laini, nyuzi zimenyooka, haina fundo hata moja. Randa yoyote iliyonolewa itaimba juu yake. Wewe toa mbao yako korofi, ile ambayo nyuzi zake zinakwenda zikirudi kama za mvule, uombe kujaribu randa ile ile. Mimi sijawahi kukataliwa. Wengine wanafurahi kabisa, maana na wao wamechoshwa na ile ya mezani.

Hatua ya 5. Fundi akionyesha kazi, usisimame mbele yake. Simama ubavuni uone kiwiko na miguu. Umati wote unapiga picha maranda, wakati kazi iko begani. Pale Amana nilimwona mzee akikata kiungo cha mkia wa njiwa, kile cha meno yanayoshikana kwenye kona, bila kugusa guni, yaani kipimo cha pembe mraba. Nikamuuliza anajuaje msumeno umesimama sawa. Akaniita karibu, akanionyesha ubapa wa msumeno. Ulikuwa umesuguliwa mpaka mbao inaonekana ndani yake kama kwenye kioo. Mbao na taswira yake zikinyooka mstari mmoja, msumeno uko sawa. Zikivunjika kama kiwiko, umeinama. Miaka kumi na moja nilikuwa nakata na kutu juu ya msumeno wangu, sijui kwamba nimeziba guni langu mwenyewe.

Hatua ya 6. Kukagua randa kuukuu. Hapa ndipo nilipopigwa. Ilikuwa namba 5, randa ya ukubwa wa kati, dola 45, inang'aa kupita umri wake, na kung'aa kule ndiko kungenishtua. Sikufungua hata skrubu moja. Niliona haya, mzee mwenyewe mpole, ananisimulia habari za baba yake aliyekuwa seremala. Nyumbani nikaiosha kwa mafuta ya taa, nta ikatoka, na kwenye kona ya mdomo, pale kisu kinapotokea, ukajitokeza ufa mwembamba kama unywele, umepanda hadi ubavuni. Risiti sina, namba ya simu sina.

Kwa hiyo: omba ruhusa, fungua kila kitu. Anayekataza, mwachie mali yake. Futa mdomo kwa kitambaa, mulika tochi kwa ndani huku ukitazama soli, yaani uso wa chini. Kisha ishike kwa vidole viwili uigonge. Chuma kizima hulia, chenye ufa hujibu kama kopo. Halafu simamisha rula juu ya soli, itazame kwenye mwanga. Lazima iguse sehemu tatu: puani, ukingo wa mbele wa mdomo, na mkiani. Kwingine pakibonyea kidogo, si neno.

ONYO: hesabu skrubu. Za randa hizi nyuzi zake si za kawaida, na duka la vifaa halitakusaidia.

ONYO la pili: geuza kisu. Vishimo vya kutu upande wa nyuma, karibu na makali, maana yake utanoa mpaka uchoke na makali yatabaki na mapengo.

Hatua ya 7. Uliza "mwisho ngapi?" kisha unyamaze.

MASWALI

Bosi wa Mbao: Mkuu, kwa hiyo niende na nini na nini?
Jibu: Hatua ya 3 na ya 4.

Mjomba Mashine: Karne hii mtu anahangaika na randa ya mkono? Kuna mashine ya dola mia tatu inamaliza yote.
Jibu: Ninayo, mjomba. Mlango ukigoma kufungana nyumbani kwa mteja ghorofa ya nne, sitoki nayo begani. Somo ni la wanaotaka.

Papa Bukavu: Fundi, niko Cedar Rapids. Hiyo ya Amana itakuwa lini tena?
Jibu: Handworks ya mwisho niliyoiona ni ya 2023, papa. Lakini uko nusu saa tu kutoka Amana. Nenda siku yoyote, maseremala wa pale bado wapo kazini na fanicha zao utaziona.

Dada Msasa: Shikamoo fundi. Nimepata randa ya marehemu jirani, mpini mwekundu wenye mistari myeusi, nikiupiga msasa unanukia vizuri. Ni mbao gani?
Jibu: Marahaba dada, acha msasa kwanza! Kama ni ya Stanley, kampuni ya zana ya Marekani, ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, basi karibu hakika ni ile mbao ya Brazili, Dalbergia nigra. Ni ya ukoo mmoja na mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon. Biashara yake ya kimataifa ilizuiwa tangu 1992. Baada ya vita walitumia mbao nyingine, wakaipaka rangi. Ufungue mpini utazame chini yake: rangi ikiwa imezama mpaka ndani, umeokota dhahabu. Ukipasuka, gundi tu, usiubadilishe. Na ukitaka kuvuka nayo mpaka, ulizia karatasi kwanza.

Dada Msasa: Imezama mpaka ndani!
Jibu: Sasa naona wivu.

Fundi wa Mbagala: Nikija kutembea huko, patasi nitapanda nazo ndege?
Jibu: Kwenye begi la chini, si la mkononi. Funga makali kwa kadibodi nene, mkaguzi asijikate.

Mzee Kinoo: Nyongeza. Skrubu zenye kutu ziloweke kwenye siki usiku mmoja, suuza, kausha haraka, paka mafuta.
Jibu: Kweli mzee. Vitu vidogo tu lakini, soli usiizamishe.

Bosi wa Mbao: Randa ipi nzuri mkuu?
Jibu: Soma.

Kijana wa Gongo: Ile yenye ufa si ungempelekea mchomeleaji?
Jibu: Ni chuma cha kumimina. Joto likiingia vibaya soli inapinda, au ufa unahamia pembeni. Kisu chake nimekihamishia kwenye randa nyingine, na ndicho kinachokata vizuri kuliko vyote nilivyo navyo. Kiwiliwili kinazuia mlango wa gereji.